Mguu Uliofuliwa

Watu wakisikia mguu wa bandia wanawaza gongo la mti lililofungwa kamba. Sivyo. Sehemu ngumu kuliko zote ni kikombe, pale kigutu cha mtu kinapoingia na kubeba mwili mzima. Kikombe kikiwa kibaya, hata huko chini ukiweka chuma cha ndege, mtu hatembei. Na kazi yangu katika atelie yetu, karakana ya miguu hapa Kamembe, ndiyo hiyo, kutengeneza vikombe. Nachonga plasta ifanane na kigutu, naivika kitambaa cheusi cha nyuzi za kaboni, namwaga resini, ile gundi nzito, pampu inanyonya hewa, na resini ikikauka kile kitambaa kinageuka kitu kigumu ambacho nyundo inadunda juu yake. Mikono yangu inanuka resini hata Jumapili kanisani. Asiyependa harufu na asogee benchi lingine.

Mama yangu mzazi alifanya kazi humo humo. Alikuwa mshonaji tangu Bukavu, tulikozaliwa wote kabla ya kurudi upande huu wa mto wa mpaka. Patroni, mwenye atelie, alimchukua kwa sababu kitambaa cha kaboni kina kiburi. Ukikikata ovyo kinafumuka, na vumbi la nyuzi zake linawasha kama upupu. Chini ya mkasi wa mama kilitulia. Alikipiga bandi pembeni, akakishona kama soksi kubwa, akanipa nikivike kwenye plasta. Tuligombana mchana kutwa, yeye akisema navuta sana, mimi nikisema anabana sana, na jioni tulirudi nyumbani pamoja.

Nyumbani alikuwepo yaya. Kwetu yaya ni dada mkubwa, siyo yule anayelipwa kulea watoto wa watu, ingawa na mimi alinilea, na kunichapa pia. Mume wake alikufa akamwachia watoto, na watoto aliwalisha kwa kichwa chake, yaani kwa beseni. Asubuhi alinunua nyanya na kabichi za Nyakarenzo, akazipanga, akajitwika, akashuka mteremko hadi mpakani, akavuka daraja na kuuza Bukavu. Mpaka ukifungwa alikaa kwenye kibaraza akiitukana dunia. Ukifunguliwa alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Sote tulikula kwenye beseni lile, hata mimi mwenye mshahara, maana mshahara wa atelie ni kama mvua ya kiangazi.

Halafu pikipiki aliyopanda iliteleza kwenye kona yenye matope, ikamlalia. Hospitali walimkata mguu chini ya goti.

Patroni alikuja kumwona kitandani. Ni mtu wa Kivu aliyesomea kazi hii mbali, mpole, ila akianza kueleza jambo haachi. Aliligusa lile goti akamwambia, "Maman, hili ndilo mali yako. Mwenye goti anapanda kilima. Asiye na goti anaburuta. Ulilinde."

Huku kwetu hilo si neno la kupamba mazungumzo. Kamembe ni kupanda na kushuka. Mahali pa tambarare ni uwanja wa ndege tu, na pale hawaruhusu mtu kupita na kabichi.

Yaya alimjibu, "Papa, miye sitaki mguu wa kuendea kanisani. Ninataka mguu wa beseni."

Basi ikawa hivyo. Tulikuwa tunatafuta mguu wa beseni, wenye kikombe kitakachombeba yeye pamoja na mzigo wake kwenye mteremko, mvua na jua, bila kumsaliti. Kama tungeshindwa, watoto wa yaya wangekula nini? Sikutaka hata kuliwaza.

Wakati ule atelie ilikuwa imepata kitambaa kipya. Kile cha zamani kilitutesa. Kikombe kinatoka kizuri, kinang'aa, mtu anavaa msimu mmoja wa mvua, kisha ukingo unaanza kuachana, tabaka moja huku, lingine kule. Resini iko nzima, nyuzi ziko nzima, ila hazishikani tena. Patroni alitueleza sababu, na kwa mara ya kwanza sikusinzia. Alisema kila uzi wa kaboni ni maelfu ya vinywele, na kila kinywele ni laini mno, resini haina pa kushika. Ni kama kujaribu kumshika samaki aliyepakwa sabuni. Kwa hiyo siku hizi huko viwandani wanazipaka nyuzi dawa nyembamba, na ndani ya dawa hiyo wametia vijipande vya kaboni vidogo mno, hata moshi wa kuni ni mnene kando yake. Nano, ndivyo wanavyoviita. Vile vijipande vinasimama juu ya kinywele kama zile mbegu za porini zinazonasa sketi yako ukikatiza shambani. Resini inaingia katikati yake, inakauka, na hapo haitelezi tena.

Akatuonyesha kipande alichokitengeneza. Nilikibana kwenye jiliwa la benchi nikakikunja kwa nguvu zote mpaka bega likauma. Kilivunjika, lakini hakikuachana. Niliona raha moyoni, nakiri, kama mtu aliyeonja chumvi baada ya wiki ya chakula cha mgonjwa.

Na patroni akamalizia kwa wimbo wake wa kila siku, "Sasa, usafi! Kidole chenye mafuta kikigusa hiki kitambaa, kazi yote ni bure. Usafi, usafi, usafi." Hilo la mwisho alilisema kwa sauti kubwa, akiangalia upande wa cherehani, kwa kuwa mama alikuwa na tabia ya kula ndizi ya kuchoma kazini. Ile habari ya dawa na vijipande tuliambiwa sisi wa kwenye mabenchi. Kwa Kifaransa. Mama alikuwa anapiga bandi.

Miguu kadhaa tuliitengeneza kwa kitambaa kile, na yote ilishika. Mwalimu mmoja wa Gikundamvura alitembea na wa kwake katika matope ya kule hadi kiatu kikaoza, kikombe kikabaki kama kilivyotoka. Patroni akaanza kupiga miluzi kazini. Ndipo zamu ya yaya ikafika.

Mama alikichukua kitambaa cha yaya akashonee nyumbani. Alisema huko kuna mwanga mzuri na hakuna wa kumpigia kelele, yaani mimi. Alikirudisha kimeshonwa kwa uzi mwembamba ambao jicho haliuoni. Nilipokivika kwenye plasta kililala vizuri ajabu, laini, hakikunipa kazi kwenye mikunjo. Nikamwambia mama, "Leo umeshona." Akatabasamu, akarudi kwenye cherehani. Kutoka kwangu hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Yaya alijifunza upesi, kwa matusi. Alijitukana mwenyewe, akautukana mguu, akanitukana mimi nilipotaka kumshika mkono. Kwanza alitembea na fimbo, kisha bila fimbo, kisha na beseni tupu kichwani, kisha na kabichi chache. Siku aliyoshuka na beseni lililojaa, wanawake wenzake wa mpakani walipiga vigelegele hadi askari wakaja kuuliza kuna nini. Jioni aliturudia na samaki na kitenge cha mama. Tulikula vizuri.

Mvua zikaja. Yaya akaanza kusikia kikombe kikilia, kitu kama kukanyaga ganda la karanga. Hakuniambia. Alijua nitamvua mguu palepale niurudishe kwenye benchi, na mpaka ulikuwa umefunguliwa juzi tu baada ya kufungwa kwa muda mrefu. Alijifunga kitambaa ndani, akaendelea kushuka.

Siku kikombe kilipoachana alikuwa katikati ya mteremko, beseni limejaa. Ukingo ulifunguka, tabaka la ndani likajikunja, likamchoma kigutu, na uzito wote ukamfuata huko huko. Waliomwokota walisema nyanya zilikwenda mpaka kwenye mtaro, na yeye alikuwa analilia nyanya.

Jeraha lile lilikuwa dogo. Nililiosha kwa mikono yangu. Lakini vipande vya kaboni ni vyembamba kuliko sindano, na vilikuwa vimeingia ndani na kuvunjikia humo. Kigutu kikavimba, kikawa chekundu, kisha rangi nyingine. Yaya alikuwa anaficha homa, anasema ni malaria. Tulipomfikisha hospitali daktari alisema sumu imepanda hadi gotini. Walimkata tena, safari hii juu ya goti.

Siwezi kueleza hasira niliyokuwa nayo siku zile. Niliwakasirikia waliotuuzia kitambaa. Nilimwambia patroni kwamba nano zake ni uganga wa wazungu, akakiokota kile kikombe na kukikagua chini ya taa siku nzima. Nilimkasirikia yaya mwenyewe, nikamwambia akiwa bado na dripu mkononi, "Ungefungua mdomo tu. Neno moja." Akanijibu, "Na batoto bangekula hilo neno?" Nikatoka nje nikalia karibu na jiko la wagonjwa, kati ya masufuria ya watu.

Kilichonitia wazimu ni kwamba miguu mingine yote ilikuwa mizima. Kitambaa kimoja, resini moja, mikono yangu mimi. Mwalimu wa Gikundamvura alipita kutusalimia, anatembea kama bwana harusi. Nilimwangalia mguu wake kwa chuki, Mungu anisamehe.

Patroni alisema tutamtengenezea yaya mguu mwingine, mrefu, wenye goti la chuma, na kitambaa atatoa yeye. Mama akakipeleka kile kitambaa nyumbani, kama mara ya kwanza.

Siku ya pili nilirudi mapema kwa kuwa umeme ulikatika na pampu haifanyi kazi kwa maombi. Nikamsikia mama nyuma ya nyumba anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Nikazunguka. Alikuwa ameinama juu ya karai lenye povu, maji yanatoa mvuke, na ndani ya povu mkono wake ulikuwa unasugua kitambaa cheusi. Alikuwa amekipiga bandi pembe zote kwanza, kwa ustadi wake, kisifumuke.

Nikamwuliza, "Mama, unafanya nini?"

"Ninafua," akasema, kama vile nimemwuliza jua liko wapi. "Safari hii maji ni ya moto zaidi. Ile ya kwanza labda haikutakata muzuri. Niliweka sabuni kidogo, niliogopa rangi itatoka."

Tangu nikiwa mtoto kule Bukavu mama hakuwahi kukata kitenge kipya kabla ya kukifua. Kinatoka dukani na uwanga wake, kigumu, kimeshikwa na mikono ya kila mtu. Unakifua, uwanga unatoka, unakianika kivulini, ndipo unakata. Nguo mpya haigusi mwili wa mtu wako kabla ya maji, alikuwa anasema. Sare zetu za shule alizifua hivyo, na gauni la harusi la yaya, na shuka tuliyomzikia baba. Miguu ya watu wengine ilikuwa kazi, alishona kitambaa kama kilivyokuja. Lakini huyu alikuwa mtoto wake. Na patroni si alipiga kelele za usafi?

Vyote hivyo nilivielewa mara moja, nimesimama pale na mkoba begani. Ile dawa. Vile vijipande. Mama alidhani ni uwanga.

Wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ulimi wangu haujawahi kungoja mtu. Nikasema, "Mama, ni hayo maji yamekata goti la yaya."

Hakuelewa. Nikamweleza, na sikumweleza polepole. Nilimwambia kitambaa kile kimepakwa kitu kinachokishikisha na resini, na yeye amekisugua kikatoka, na mabaki ya sabuni yakakaa mahali pake, na ndiyo maana mguu wa yaya peke yake ulifunguka. Nilikuwa nalia na kupiga kelele pamoja. Mama alikuwa ananiangalia mdomoni, siyo machoni. Nilipomaliza alikitoa kitambaa kwenye povu, akakikamua, akatafuta mahali pa kukianika, akakosa, akabaki amekishika kinadondosha maji kwenye sketi yake.

Nilikwenda mbio kwa patroni. Nilitamani aniambie nimekosea, nimechanganya mambo, maji hayana nguvu hiyo. Alikata vipande viwili vya kitambaa, kimoja tukakifua kama mama, kingine tukakiacha, tukavitengeneza pamoja. Vilipokauka vilifanana kabisa. Akavikunja kwenye jiliwa, kimoja baada ya kingine. Kile kisichofuliwa kilimtoa jasho. Kile kilichofuliwa kilifunguka kama daftari, na nikakimalizia kwa ukucha. Patroni alikaa chini. Akasema, "Hatukumwambia maman wa cherehani," akarudia tena.

Mama alimwambia yaya yeye mwenyewe, kabla sijarudi. Nilifika nikawakuta chumbani, yaya kitandani, mama amekaa sakafuni, ambapo hakai kamwe kwa sababu ya mgongo.

Yaya alikuwa anamwuliza, "Wale wengine haukubafulia?"

"Hapana. Ni weye tu."

"Miye tu."

"Ni weye mutoto wangu."

Yaya akacheka, kicheko kibaya, kifupi. Nilitegemea atamfariji. Nilitaka amfariji, nilimwomba kwa macho. Badala yake alisema, "Toka kidogo, mama," akageukia ukutani. Mama akainuka kwa kushikilia kitanda, akatoka. Niliwachukia wote wawili kwa dakika ile, na mimi mwenyewe zaidi, na sikujua niende upande gani wa mlango.

Wiki zilipita hawaongei ila salamu. Mama hakurudi atelie. Patroni alikuja mpaka nyumbani kumwomba, akamwambia kosa ni letu, akamwita maman kwa heshima zote. Mama alimkaribisha chai, akamsikiliza, akamshukuru, akamrudishia mkasi wa atelie ukiwa umefungwa kwenye karatasi.

Mguu wa pili niliutengeneza mimi. Kitambaa nilikishona mwenyewe, vibaya, na nyuzi ziliniwasha usiku na mchana. Kikombe kilishika. Patroni alikijaribu, akakikagua, akasema hiki kitaishi kuliko sisi. Na ni kweli, mpaka leo hakina hata ufa, ukikigonga kinalia kama sufuria nzima. Yaya anautumia kwenda kanisani. Kwenye mteremko alijaribu, goti la chuma likamkunjikia akiwa na beseni tupu, akajaribu tena, akajaribu hata na fimbo mbili, na ni nani anayejitwika beseni akiwa na fimbo mbili? Alirudi akaliweka beseni mlangoni. Na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, niliuuma ulimi wangu.

Patroni ndiye aliyemwita kwenye cherehani, maana hiyo ni kazi ya kukaa. Sasa yaya ndiye anayekata kitambaa cheusi. Mkono anao, wa mama kabisa. Anajua habari ya dawa na vijipande kuliko mimi, na mtu akisogelea meza yake na kikombe cha maji anamfokea hadi barabarani wanasikia. Mshahara wake na wangu ukiunganisha haufiki mwisho wa mwezi.

Asubuhi moja nilikuwa nafungua mlango wa atelie. Juu ya barabara walikuwa wanashuka wanawake wa mpakani, mmoja nyuma ya mwingine, na wa mwisho alikuwa mfupi, anakwenda polepole, anaweka unyayo wote chini kabla ya kuuinua mwingine. Nilimtambua kwa ule mgongo. Beseni la yaya lilikuwa limejaa kabichi mpaka juu.

Nilimkimbilia. Yaya alitoka nyuma yangu kwa magongo, akaita "Mama!" kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ile ya chumbani. Mama akasimama, hakugeuza shingo, kwa sababu ya mzigo. Nilimfikia nikashika ukingo wa beseni nikamwambia atue, umri huu, mgongo huu, tunaomba, mama, yaya mwenyewe anakuomba.

Aliutoa mkono wangu kwenye beseni, kidole kimoja kimoja.

"Muniache," akasema. "Miye niko na miguu mbili."